Je, wajua kwa nini gari la kale lililolala miezi mingi hukataa kuwaka ilhali tangi lina petroli?

Katika jimbo la Michigan nchini Marekani, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili theluji iyeyuke, na chumvi hiyo hula bati la gari bila huruma. Kwa sababu hiyo, wenye magari ya misuli, kama Wamarekani wanavyoyaita, yaani yale ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliyotiwa injini kubwa za silinda nane, huyafungia garajini kuanzia Novemba hadi Aprili. Jua likirudi, mwenye gari huingia garajini, huvua turubai, hukaa nyuma ya usukani wa Camaro au Charger yake na kugeuza ufunguo. Stata inapiga vizuri, injini inazunguka kwa nguvu, lakini haiwaki. Anarudia, na anarudia tena. Baada ya robo saa stata inaanza kuvuta kwa uvivu, kisha inatoa mlio mmoja mkavu na kunyamaza, naye anashuka akitangaza kwamba betri imekufa.

Mimi pia nilikuwa mfuasi wa betri. Jirani yangu, mzee mstaafu mwenye Chevelle SS 396 ya mwaka 1969, aliniita nimsaidie asubuhi moja ya Aprili, na kabla hajamaliza kueleza nilikwisha kutoa hukumu. Tuliichaji betri usiku kucha, gari likazunguka bila kuwaka. Tukanunua betri mpya, likazunguka kwa kasi zaidi bila kuwaka. Tukabadilisha plagi zote nane, kazi iliyotuchubua vidole, na matokeo hayakubadilika. Hatimaye binti yake, ambaye alikuwa akitutazama kwa subira ya kushangaza, alifungua kifuniko cha chujio cha hewa, akamulika tochi ndani ya koo la kabureta, yaani kile chombo kilicho juu ya injini kinachochanganya petroli na hewa, kisha akausukuma kwa kidole mkono unaounganishwa na kanyagio la mafuta. Hakukutoka hata tone. Kabureta ilikuwa kavu kama kibuyu cha mwaka jana, na sisi tulikuwa tumetumia siku mbili na fedha za betri kuligundua hilo.

Kosa letu linafaa kuchunguzwa, kwa sababu hufanywa na watu wengi wenye akili timamu na lina mantiki yake. Gari limekaa miezi mitano. Betri huishiwa chaji ikikaa. Kwa hiyo gari halikuwaka kwa sababu ya betri. Sehemu mbili za mwanzo ni za kweli. Lakini betri ina kazi mbili tu wakati wa kuwasha gari la namna hii, yaani kuizungusha stata na kulisha koili inayotoa cheche, na kazi hizi hazilingani hata kidogo. Stata ya injini ya lita 6.5, kama ya Chevelle ile, hunywa umeme wa zaidi ya ampea 150, wakati koili hutosheka na ampea chache zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Betri iliyoweza kubeba gunia haiwezi kushindwa na sindano. Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida, betri imekwisha kujitetea na kesi yake ifutwe. Ni kweli kwamba stata inapovuta kwa uzito na volti za betri kushuka chini ya 10 hivi, cheche nayo hudhoofika, na hapo mashtaka dhidi ya betri huwa na msingi. Lakini hiyo ni hali tofauti, na sikio huitambua mara moja.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba imani hii hujitengenezea ushahidi wake yenyewe. Mtu hupiga stata kwa robo saa akiamini betri ni mbovu, na mwishoni betri huwa mbovu kweli. Akipima volti anakuta 11.8, anatikisa kichwa kama daktari aliyethibitisha ugonjwa, na hakumbuki kwamba dakika za mwanzo injini ilizunguka kama kawaida. Betri imekufa kwa sababu gari halikuwaka, naye anaisoma habari hiyo kinyumenyume.

Sasa kilichokosekana ni nini? Mafuta katika magari haya hutoka tangini nyuma, husafirishwa kwa bomba hadi mbele na pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, na huingia katika bakuli dogo lililo ndani ya kabureta, ambamo boya hupanda na kushuka likidhibiti kiasi, sawa na boya la tangi la choo. Injini hainywi kutoka tangini. Hunywa kutoka kwenye bakuli hilo, ambalo ujazo wake hauzidi sana kikombe kikubwa cha chai, na ambalo lazima liwe na tundu la kupitishia hewa ili mafuta yaweze kushuka. Tundu hilo ndilo mlango anaopitia mwizi.

Petroli haiibwi yote kwa pamoja, na hapa inafaa kwenda polepole. Tumezoea kuisema petroli kana kwamba ni kitu kimoja, kama maji, lakini ni mchanganyiko wa mamia ya kemikali zenye uzito tofauti. Baadhi yake, kama butani, ni nyepesi kiasi cha kuchemka kwenye nyuzijoto 0 hivi. Pentani huchemka kwenye 36. Na nyingine nzito hungoja hadi karibu na 200. Aidha, petroli iliyo majimaji haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, tena kwa kipimo chenye mipaka, takriban kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya mvuke. Chini ya hapo cheche hupiga hewa bure.

Fikiria mtu anayewasha moto wa kuni jikoni. Haanzi na gogo. Anaweka makuti makavu au karatasi, juu yake vijiti vyembamba, kisha kuni nene, na kila daraja hupokea moto kutoka kwa lililotangulia. Petroli mpya ni fungu la kuni lililopangwa tayari kwa namna hiyo: butani na pentani ni makuti, zile za katikati ni vijiti, na zile nzito ni magogo, ambayo yana nishati nyingi lakini hayashiki moto kwa kibiriti. Injini ikiwa baridi, ni makuti pekee yanayoweza kugeuka mvuke. Kinachofanya choki, kwa kuziba sehemu kubwa ya hewa, ni kulazimisha petroli nyingi kupita kiasi iingie, ili hata kama ni sehemu ndogo tu inayogeuka mvuke, sehemu hiyo itoshe kushika cheche. Ni kama kumwaga fungu zima la kuni jikoni kwa sababu unajua kuna makuti kidogo ndani yake.

Basi mtu anapolizima gari mara ya mwisho mwezi Novemba, kabureta inakuwa imekaa juu ya injini yenye joto kali. Saa ya kwanza tu baada ya kuzimwa, bakuli hupata joto na zile kemikali nyepesi huanza kutoroka kupitia tundu la hewa. Katika wiki zinazofuata, zile za katikati nazo hutoroka. Kinachobaki, kama kipo, ni magogo matupu, na baadaye ni utando wa rangi ya kahawia unaonata, kama masalio ya juisi ya miwa iliyochemshwa hadi mwisho. Choki ikifanya kazi yake juu ya petroli ya namna hii, hulowesha plagi kwa kitu kisichoshika moto, na mtu huanza kusema gari “limelewa mafuta”, ilhali lina njaa.

Tangi, kwa upande wake, huathirika polepole zaidi, kwa kuwa mafuta ni mengi na uso unaogusa hewa ni mdogo ukilinganishwa na ujazo. Kwa hiyo wanaosema petroli yote imechacha baada ya majira mamoja ya baridi, na kukimbilia kulimwaga tangi zima, mara nyingi wanakosea kama nilivyokosea mimi, ingawa wao wako karibu zaidi na ukweli. Gari lililolala miaka mitatu ni habari nyingine: petroli yake hunuka kama rangi ya mafuta, na hiyo haina budi kumwagwa.

Kabureta aina ya Quadrajet, iliyofungwa katika magari mengi ya kampuni ya General Motors, pamoja na Chevelle ile, ina sifa mbaya ya kukauka upesi. Mafundi wengi hulaumu vizibo vidogo vilivyo chini ya bakuli, wakisema huvujisha mafuta usiku. Wengine waliofungua kabureta nyingi hujibu kwamba vizibo husingiziwa, na kwamba kukauka kwenyewe kunatosha kueleza kila kitu. Vivyo hivyo husemwa kwamba petroli ya leo hukauka haraka kuliko ya zamani kwa kuwa huchanganywa kwa ajili ya mifumo ya mafuta isiyopitisha hewa ya magari ya sasa. Hoja ina mantiki, lakini husimuliwa zaidi kuliko inavyopimwa.

Kwa nini basi pampu isijaze bakuli upya? Hujaza, ila kwa mwendo wake. Huzungushwa na injini, na kwa kila mizunguko miwili ya injini hupiga mara moja tu. Stata huzungusha injini polepole mno kuliko inavyojizungusha yenyewe, na mipigo ya mwanzo huvuta hewa iliyojaa katika bomba refu kabla ya kufikia petroli. Huko ndiko betri inakofia.

Uchunguzi wa yule binti hauhitaji chombo chochote isipokuwa tochi. Injini ikiwa imezimwa, fungua kifuniko cha chujio, chungulia, sogeza mkono wa kanyagio: petroli ikiruka kwa michirizi miwili myembamba, bakuli lina mafuta. Isiporuka, bakuli hujazwa kwa chupa yenye mdomo mwembamba kupitia tundu lake la hewa, si kwa kumwaga petroli kooni, na kifuniko hurudishwa kabla ya kupiga stata, kwa sababu injini ikipiga kwa nyuma hutema moto juu. Chevelle ilipofanyiwa hivyo iliwaka kwa jaribio la pili, ikatoa moshi wa aibu, ikatulia.

Michirizi ikiwapo na gari bado haliwaki, ndipo tunageukia cheche, hasa zile pointi mbili zinazogusana ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, ambazo hushika kutu nyembamba zikikaa na husafishwa kwa kupitisha kadi safi kati yake. Na gari likiwaka wakati wa kupiga stata lakini likazima pale tu ufunguo unapoachiwa, mtuhumiwa ni kizuizi cha umeme kinachotangulia koili. Stata ikipiga, umeme hukipita pembeni.

Watumiaji wa jenereta ndogo huku Afrika Mashariki wanaifahamu kabureta kavu kwa upande wake wa pili. Wazoefu hufunga koki ya mafuta na kuiacha jenereta ingurume hadi izime yenyewe kabla ya kuihifadhi, yaani hulikausha bakuli kwa makusudi ili ule utando wa kahawia usizibe jeti, yaani kitundu chembamba kinachopitisha petroli. Wanaweza kufanya hivyo bila hofu kwa sababu tangi la jenereta limekaa juu ya kabureta, na siku ya kuwasha, koki ikifunguliwa, petroli hushuka yenyewe na bakuli hujaa kabla mtu hajaishika kamba. Tangi la Chevelle liko nyuma, chini ya buti.