Engo ya habari ni nini? Ugonjwa mmoja, vichwa vitatu

Engo ya habari ni upande wa tukio ambao gazeti limeamua kuutanguliza: nani aanze kusikika, takwimu ipi ipande kwenye kichwa, nini kisubiri aya za chini. Haina maana kwamba gazeti limedanganya. Magazeti mawili yanaweza kuandika kweli tupu, na bado wasomaji wake wakaondoka na picha mbili zisizofanana.

Chukua Marburg, ugonjwa wa virusi unaoua, uliozuka Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, mwaka 2023. Serikali ilitangaza mlipuko Machi 21, na ulipotangazwa kwisha Juni 2, wagonjwa walikuwa 9, kati yao 6 wakiwa wamefariki. Kwa hesabu hiyohiyo mhariri anaweza kuandika "Marburg yaua sita", au "Watatu wapona Marburg", au "Serikali yaidhibiti Marburg Kagera". Vichwa hivi nimevitunga kwa mfano, lakini ukivipima hukuti uongo. Cha kwanza kinatia hofu, cha tatu kinamtuliza msomaji kwa sauti ya wakubwa. Mimi huumia zaidi cha pili kinapokosekana, maana mtu aliyesikia kwamba wapo waliopona ana sababu ya kumwahisha mgonjwa hospitali badala ya kumficha ndani.

Kwetu Tanga jambo hili ni zito kwa kuwa wengi wetu husoma vichwa tu. Pita asubuhi kwenye meza ya magazeti Ngamiani: kurasa zimekandamizwa kwa vijiwe zisipeperuke, watu wameinama, mikono nyuma, macho yanatoka Mwananchi yanakwenda Nipashe, yanamalizia HabariLeo, kisha kila mtu na safari yake. Maelezo kwamba Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti yamebaki ukurasa wa ndani. Hapo ndipo abiria mzima wa afya anapoweza kukwepwa stendi ya Kange kwa sababu tu katokea Kagera.

Engo huamuliwa pia na mwenye gazeti na chanzo cha habari. HabariLeo ni gazeti la serikali, kwa hiyo kauli ya waziri kutangulia si ajabu. Gazeti la mtu binafsi lina nafasi pana zaidi ya kuanza na ndugu wa marehemu au mganga wa zahanati. Januari 2025 vyanzo viligongana waziwazi. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuna tuhuma za Marburg Kagera. Kesho yake Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mgonjwa mmoja, wilayani Biharamulo. Aliyesoma gazeti la siku moja tu kati ya hizo alipata kipande.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini namba, tazama inamhesabu nani. Mlipuko huo wa Biharamulo ulihesabiwa wagonjwa 10, wote wakafariki, lakini waliothibitishwa na maabara ni 2. Wale wanane waliobaki walihesabiwa kwa dalili na uhusiano wao na wagonjwa wengine. Gazeti lililoandika kumi na lililoandika wawili yote yako sahihi, ilimradi kila moja liwe limesema ni kumi gani, au wawili gani.