Msaada chanya wa tabia si peremende

Msaada chanya wa tabia ni utaratibu wa kutafuta kinachomfanya mtu arudie tabia ya kujidhuru au kudhuru wenzake, kisha kurekebisha mazingira yake na kumfundisha njia nyingine ya kupata anachokihitaji, ili maisha yake yawe bora. Kumpa mtoto peremende ili anyamaze ni jambo jingine kabisa, hata kama wengi sasa wanaliita hivyo.

Utaratibu huu ulianza kushika Marekani miaka ya 1980, wakati watu wenye ulemavu wa akili walikuwa bado wakiadhibiwa kwa shoti za umeme au kupuliziwa maji usoni. "Chanya" ilimaanisha kuachana na maumivu. Haikumaanisha kusifia kila kitu. Mwaka 1985 wanasaikolojia Edward Carr na Mark Durand walionyesha kwamba fujo za darasani zilipungua watoto walipofundishwa maneno yanayolingana na sababu ya fujo zao. Aliyelemewa na kazi ngumu alifundishwa kusema "sielewi". Aliyetaka kuangaliwa aliuliza kama anafanya vizuri. Maneno yasiyolingana na sababu hayakusaidia, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lote.

Chukua mtoto anayejigonga kichwa kila akipewa hesabu. Ukimtuliza kwa peremende, umemlipa kwa kujigonga, na hesabu zimebaki ngumu vilevile. Anza kwa kumpeleka hospitali: jino bovu, sikio lenye usaha au choo kigumu huleta tabia hizohizo. Kama mwili ni mzima, andika kila tukio kwa wiki moja au mbili: nini kilitangulia, alifanya nini, kikafuata nini. Ikionekana anakwepa kazi, punguza ugumu wake, kisha mfundishe kuinua kadi ya kupumzika. Mwanzoni kadi ijibiwe papo hapo, kila mara, kwa mapumziko ya dakika mbili hivi. Mipango mingi hufia hapa: mwalimu anasema "subiri kidogo" siku ya kwanza tu, na mtoto anaona kujigonga bado kunajibiwa haraka kuliko kadi. Kusubiri hufundishwa baadaye, kwa sekunde chache zinazoongezwa taratibu.

Mwalimu anayebandika nyota ukutani hakosei. Nyota zina kazi yake, ila aziite tuzo. Kabla ya kuuita mpango wake msaada chanya, ajiulize pia kama mtoto amepata rafiki, na kama sasa anaweza kwenda sokoni na mama yake, maana darasa tulivu peke yake halitoshi.