Ua la zambarau kwenye kifusi cha mgodi

Mvua zikikaribia kwisha hapa Lubumbashi, jirani huniita nitazame maua. Mwaka huu mama mmoja wa upande wa Ruashi alinionyesha kona ya kiwanja iliyojazwa udongo wa kununua. "Papa, haya maua ya zambarau sikuyapanda mimi."

Rangi iache kwanza. Kwenye udongo uliochimbwa au kumwagwa, mimea mingi ya zambarau unayoikuta si ya kwetu. Ageratum conyzoides ilitoka Amerika, sawa na kishona-nguo na alizeti mwitu. Ageratum ina shina la mviringo lenye manyoya, na maua yake ni vishada vya nyuzinyuzi.

Sasa kamata shina na ulizungushe kati ya vidole. Likiwa na pembe nne, majani yakiwa mawili mawili yakitazamana, uko kwenye ukoo wa mrehani na kivumbasi. Kisha tazama kichwa cha ua: vijiua vidogo vyenye midomo miwili vimesongamana, na chini yake kuna vijani vyenye rangi vinavyoweza kudhaniwa ni petali. Huyo huenda ndiye Haumaniastrum katangense, ua la shaba, mwenyeji wa Katanga, eneo letu hili la kusini mwa Kongo.

Huota na kufa ndani ya mwaka mmoja, na hupenda udongo mtupu usio na washindani. Majaribio yameonyesha kwamba hustawi zaidi udongo ukiongezwa shaba. Maelezo mojawapo ni kwamba shaba huua kuvu wanaoishambulia mizizi. Waakiolojia nao wameufuata mmea huu hadi kwenye tanuri za kuyeyushia shaba za karne ya 14. Wayeyushaji walishaondoka zamani, ila udongo wao ungali umejaa madini, na ua linalijua hilo.

Lakini si mfungwa wa shaba. Huonekana hata mahali pasipo na shaba. Ndiyo maana naangalia pia mimea iliyo jirani yake. Crotalaria cobalticola, ya njano, ya jamii ya kunde, ni shahidi mzito zaidi, maana hukaa kwenye udongo wa shaba na kobalti.

Kwa yule mama sikuiona Crotalaria. Niliona vijiwe vya kijani kibichi, malakaiti, yaani madini ya shaba, ndani ya kifusi, nikauliza kilitoka wapi. Dereva wa lori aliyekileta hakumwambia. Mama alikuwa ameshapima matuta ya lenga-lenga, yaani mchicha, papo hapo. Ili mboga zisiote kwenye kifusi hicho, tukayahamishia nyuma ya nyumba, kwenye udongo wa asili.