Kuacha kuamini kitu, kasheshe yake

Juzi darasani hapa Dodoma mwanafunzi kaniuliza, mwalimu mbona lojiki tunajifunza kuthibitisha tu, kuacha kuamini kuko wapi? Nikacheka, maana ndo kazi yangu hiyo.

Mwaka 1985 Carlos Alchourrón wa Argentina, Peter Gärdenfors wa Sweden na David Makinson walitoa makala ya pamoja kuhusu namna ya kubadili na kuacha imani, nadharia yao tunaiita AGM, herufi za majina yao. Alchourrón alikuwa mtu wa sheria, na kwenye sheria tatizo liko wazi kabisa: unafuta kifungu, vilivyobaki ukivisoma pamoja vinakurudishia kilekile ulichofuta. Sasa umefuta nini?

Imani nazo ndo hivyohivyo. Bodaboda kaniambia baba Neema kanunua shamba la zabibu Hombolo. Nikaamini, na moja kwa moja nikaamini pia kwamba kanunua shamba. Baadae nakuta yule bodaboda ni muongo wa kutupwa, kwahiyo naacha kuamini kwamba kuna shamba lolote, na zabibu lazima ziondoke nazo, maana zikibaki zinalirudisha shamba. Mpaka hapo safi. Wiki inayofuata mama Neema mwenyewe ananiambia wamenunua shamba, hajasema la nini, laweza kuwa la alizeti Kongwa huko.

Kuna kanuni moja ya AGM inasema ukikitoa kitu halafu ukakirudisha, vyote ulivyokuwa navyo mwanzo virudi. Yaani zabibu zirudi! Kwa neno la bodaboda niliyeshamkataa! Inatokeaje? Wakati naamini zabibu, kwenye gunia langu la imani ilikuwemo pia sentensi "kama kanunua shamba, basi ni la zabibu", kilojiki inafuata yenyewe tu, na hiyo kanuni inailazimisha ibaki ndani hata baada ya shamba kutoka, imekaa kimya inasubiri.

Sven Ove Hansson, mwanafalsafa wa Sweden, yeye anasema tuanzie kwenye msingi, yaani zile sentensi chache ulizozipokea kweli, ukiitoa ya bodaboda imeondoka na vitoto vyake vyote. Mimi niko upande huo.

Mwanafunzi akadakia, si tuifute tu hiyo kanuni? Nikamwambia ifute uone, zile kanuni tano za msingi za AGM zinazobaki zitakuruhusu, kwa kuacha kuamini shamba la baba Neema tu, umwage gunia lote, hata imani kwamba Dodoma kuna vumbi.