Nusu kwa nusu haimaanishi mnato wa katikati

Wengi tunaamini ukichanganya kitu kizito na chepesi nusu kwa nusu, mnato wake, yaani ule ugumu wa kumiminika, unatua katikati. Ni wazo la kawaida tu, mbona bei tunazipigia wastani hivohivo. Ila mnato haufati hiyo hesabu. Chukua gliserini, kwenye nyuzi 20 mnato wake ni kama mara 1,400 ya maji, sasa ichanganye na maji nusu kwa nusu kwa mizani, ungetegemea upate kama mara 700 ya maji si ndio, kumbe unapata mara 6 hivi. Sita! Maji kidogo tu yanailegeza sana, ndo maana wataalamu huwa wanapiga wastani wa logarithimu, yaani wa logi za mnato badala ya mnato wenyewe, na hiyo nayo ni makadirio, maana ethanoli (ile spiriti) na maji vikichanganywa mnato wake unaweza kuwa mkubwa kuliko wa kila kimoja kikiwa peke yake.

Jaribu mwenyewe na gliserini ya duka la dawa: toboa kifuniko cha chupa ya plastiki na ukate kitako chake hewa ipite, igeuze kifuniko kiwe chini, jaza kiasi kilekile kila mara, ya maji, ya gliserini, kisha ya mchanganyiko, pima sekunde kwa simu mpaka iishe. Joto liwe lilelile lakini, kimoja kikitoka kwenye friji majibu yatakudanganya.