Kununua Boti Jimbo Jingine Marekani: Dhana Potofu na Ukweli

Ukipita kwenye magati ya pwani ya mashariki ya Marekani utakuta boti nyingi zimeandikwa kwenye tezi, yaani nyuma, "Wilmington, DE" (mji wa jimbo la Delaware), na baadhi yake hazijawahi hata kufika Delaware. Jimbo hilo halitozi kodi ya mauzo. Hapo ndipo inapozaliwa dhana inayowagharimu watu kuliko zote: kwamba ukinunua boti Delaware, Oregon, Montana au New Hampshire, umeshamalizana na kodi.

Hujamalizana. Majimbo yenye kodi ya mauzo yana pia kodi ya matumizi, kwa kawaida ya kiwango kilekile, nayo hukudai pale unapoitumia na kuilaza boti, si pale uliposaini karatasi. Mkazi wa Florida akinunua Delaware boti ya dola 40,000 na kuipeleka nyumbani moja kwa moja, atadaiwa asilimia 6, yaani dola 2,400, mbali na nyongeza ya kaunti. Mwaka 2010 vyombo vya habari vilimwandama Seneta John Kerry wa Massachusetts kwa sababu boti yake mpya ya dola milioni 7 ililazwa Newport, Rhode Island, jimbo lililosamehe boti kodi ya mauzo tangu 1993. Alisema atailipa Massachusetts takriban dola 500,000, iwe anadaiwa au la. Kama seneta alifuatwa mpaka gatini, usidhani yako haitaonekana.

Wengine huogopa kinyume chake: kwamba watalipa mara mbili. Kwa kawaida jimbo lako hukupunguzia kiasi ulichokwisha kulipa kihalali kwingine. Ukilipa asilimia 3 North Carolina kisha ukaileta boti Florida, utamalizia tofauti tu. Ndiyo maana risiti inayoonyesha kodi peke yake, si bei ya jumla tu, ni mali. Itunze.

"Florida mgeni halipi." Ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza. Msamaha ni wa asiye mkazi, aliyenunua kwa muuzaji au dalali aliyesajiliwa. Ukinunua kwa mtu binafsi haukuhusu. Unatia saini kiapo, unaitoa boti jimboni ndani ya siku 10, kisha unapeleka ushahidi kama risiti ya mafuta au ya maegesho ya nje ya Florida. Boti za tani 5 na zaidi (tani za ujazo, si za uzito) zinaweza kupewa stika ya siku 90. Ukichelewa, kodi inarudi pamoja na adhabu.

Usikadirie kiwango kwa kusikia. Virginia hutoza boti asilimia 2, isizidi dola 2,000. Florida ina kikomo cha kodi cha dola 18,000 kwa chombo kimoja. New York hutoza kodi kwenye dola 230,000 za kwanza tu za bei.

Kuna pia wanaoamini kwamba ukisajili boti kwa Walinzi wa Pwani, jimbo halina tena la kukuambia. Usajili huo wa shirikisho unathibitisha umiliki na utaifa wa chombo. Haufuti kodi ya jimbo, na Florida bado itakutaka uisajili na kubandika stika yake. Ndugu zetu wenye green card walijue hili mapema: usajili wa shirikisho ni wa raia wa Marekani tu, na chombo kiwe na angalau tani 5. Asiye raia husajili jimboni, na hakuna ubaya wowote.

Jimbo lipi? Lile ambamo boti inatumika zaidi. Namba za jimbo ulikonunua, zile za pande zote mbili za omo (mbele ya boti), hukubalika kwa siku 60 baada ya kuhama, na Florida hukupa 90. Trela nayo ina karatasi zake.

Kabla ya kutoa pesa, soma herufi na tarakimu 12 zilizochongwa upande wa kulia wa tezi, ulinganishe na hati. Si majimbo yote yanayotoa hati ya umiliki wa boti. Pasipo nayo, dai mkataba wa mauziano wenye namba hiyo, na uulize kama kuna benki inayoidai boti.