Kwa nini muziki wa ufuoni hufika mbali ziwani usiku, na mchana hupotea?

Mjomba wangu amevua omena kutoka Dunga, Kisumu, tangu enzi za karabai. Siku hizi mashua yake hubeba taa za sola, lakini kazi ni ileile: usiku usio na mbalamwezi taa huwekwa zielee juu ya maji, omena hufuata mwanga, kisha wavu huzungushwa. Jumamosi moja nilipomtembelea kutoka Nakuru alikubali niandamane naye.

Tulitoka mwendo wa saa 11 jioni, jua likiwa bado na nguvu. Kwenye hoteli moja ya ufuoni bendi ilikuwa imeshaanza kupiga, na tulipokuwa tukiisukuma mashua majini niliusikia muziki wote: gita, ngoma, sauti ya mwimbaji. Kilomita moja hivi kutoka ufuoni mjomba alizima injini ili apange nyavu. Kimya. Nikadhani bendi imepumzika. Saa 4 usiku, tukiwa mbali zaidi ya mara tatu ya pale, muziki ukarudi wenyewe, wazi kiasi kwamba nilijua wimbo mmoja umekwisha na mwingine umeanza. Nikamuuliza mjomba kama wale jamaa wameongeza sauti.

“Hapana, mpwa wangu,” akasema. “Upepo umegeuka.”

Mimi nilikuwa na jibu langu tayari, ambalo nadhani ndilo la watu wengi: usiku kumetulia, basi kila kitu husikika. Jibu hilo lina ukweli, na hesabu yake inavutia. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Ukisimama mahali pa wazi, kila umbali wako na spika unapoongezeka maradufu, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Tuseme mita 10 mbele ya jukwaa unapata desibeli 100. Mita 20 utapata 94, mita 40 utapata 88. Endelea kuongeza umbali maradufu hadi itimie mara ya kumi na utakuwa umefika kilomita 10 na ushei, huku mkononi zimebaki desibeli 40, kama za maktaba iliyotulia. Hewa yenyewe hunyonya sehemu fulani njiani, kwa hiyo zitakuwa chini ya hapo. Hata hivyo sikio zima linaweza kuzipata, mradi pasiwe na kitu cha kuzifunika. Kando ya barabara ya mjini mchana, magari na boda boda peke yao hupita desibeli 60, na hizo 40 zako humezwa zote.

Lakini saa 11 jioni sisi hatukuwa kando ya barabara. Tulikuwa ziwani, injini imezimwa, na muziki haukuwepo. Utulivu hauwezi kueleza jambo hilo. Kuna kitu kilichokuwa kikiuchukua muziki na kuupeleka kwingine.

Ili kuelewa, fikiria mkokoteni uliojaa magunia. Gurudumu la kushoto likiingia matopeni na la kulia likabaki kwenye lami, mkokoteni haunyooki. Hujipinda kushoto, upande wa gurudumu lililochelewa. Sauti nayo husafiri kama ukuta mpana unaosonga mbele, wenye sehemu ya chini iliyo karibu na maji na sehemu ya juu iliyo hewani. Sehemu ya juu ikienda kasi kuliko ya chini, ukuta huinamia chini, kwenye masikio ya watu. Sehemu ya chini ikiwa ndiyo yenye kasi, ukuta hulala nyuma, na sauti hupanda angani na kupita juu ya vichwa vyetu. Msikilizaji hubaki kwenye kivuli cha sauti, mahali ambapo muziki umemruka.

Upepo unaingiaje hapo? Karibu na maji, mawimbi huupunguza mwendo. Juu kidogo hakuna cha kuuzuia, hivyo huenda kasi. Sauti inayosafiri pamoja na upepo husaidiwa zaidi juu kuliko chini, nayo huinama kumfuata msikilizaji. Inayosafiri dhidi ya upepo hucheleweshwa zaidi juu, nayo huinuka na kupotea. Mwanafizikia George Gabriel Stokes aliyaeleza haya mwaka 1857. Kabla ya hapo watu waliamini kwamba upepo huibeba sauti kama unavyobeba majani makavu, na wengi bado tunasema hivyo. Lakini hewa ya Kisumu ikiwa na nyuzi 25 hivi, sauti husafiri karibu mita 346 kwa sekunde. Upepo wa kawaida wa ziwani ni mita chache tu kwa sekunde. Hauwezi kuibeba sauti wala kuizuia; kazi yake ni kuipinda, na kupinda kidogo tu kunatosha, maana katika safari ya kilomita moja tofauti ndogo hujikusanya ikawa kubwa.

Sasa turudi kwa mjomba. Mchana jua huipasha nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupata moto na kupanda, na ile ya ziwani, iliyo baridi zaidi, huja kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana alasiri Kisumu hupata upepo kutoka ziwani, ule unaotuburudisha pale Dunga wakati wa kula samaki. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto lake, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mabaharia wa pwani wana jina la upepo wa nchi kavu wa namna hii: umande. Wavuvi wa tanga wa Ziwa Victoria waliziendesha siku zao kwa pepo hizi mbili, wakitoka na ule wa nchi kavu na kurudi na ule wa ziwani.

Basi saa 11 jioni muziki wa hoteli ulikuwa ukipanda dhidi ya upepo, nao ukaturuka. Saa 4 usiku ulikuwa ukija na upepo, nao ukaturudia. Wapiga gita hawakugusa chochote.

Joto la hewa nalo hupinda sauti, na hapa nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu kuna maelezo yanayorudiwa sana ambayo hayatoshei ziwa letu. Sauti huenda kasi zaidi kwenye hewa ya joto, takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Kwa hiyo hewa baridi ikilala chini na ya joto ikiwa juu yake, sauti huinama chini kama ilivyo kwa upepo. Maelezo yanayorudiwa husema kwamba usiku maji ya ziwa ni baridi, hivyo hewa iliyo juu yake hupoa na sauti ikaenea. Hilo ni kweli kwa maziwa ya nchi za baridi, hasa wakati wa kiangazi chao. Maji ya juu ya Ziwa Victoria hukaa karibu nyuzi 25 mwaka mzima, na usiku hewa ya ufuoni huwa baridi kuliko hayo maji. Karibu na maji ndiko kwenye joto, kinyume kabisa na maelezo yale. Usiku, kwetu, upepo ndio mwenye kazi kubwa.

Baridi ya chini utaikuta nchi kavu. Nyumbani Nakuru, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, usiku wa Januari usio na mawingu ardhi hupoteza joto lake upesi na hewa iliyo karibu nayo hupoa kuliko ile ya juu. Usiku wa namna hiyo nimelala nikisikia kesha la kanisa lililo mtaa wa mbali, nyimbo na mahubiri, kana kwamba spika iko uani. Mwezi wa Aprili, mawingu yakitanda, ardhi haipoi namna hiyo, na kesha lilelile halinifikii.

Kivuli cha sauti kinaweza kufanya maajabu makubwa kuliko haya. Februari 1901, huko Uingereza, mizinga ilipigwa baharini wakati jeneza la Malkia Victoria, ambaye ziwa letu limepewa jina lake, lilipokuwa likivushwa kwa meli. Watu waliokuwa zaidi ya kilomita 100 waliisikia, huku sehemu nyingine zilizo karibu zaidi zikikosa mshindo wowote. Sauti ilikuwa imepanda na kurudishwa chini mbali na pale ilipotoka.

Maji yenyewe yana mchango wao. Nyasi, udongo uliolimwa na mashamba ya miwa kama ya Muhoroni hunyonya sauti inayopita karibu na ardhi. Maji hayanyonyi. Sauti ya hewani inapogonga uso wa ziwa, takriban sehemu moja tu kati ya elfu ndiyo huzama. Iliyobaki hurushwa juu tena. Pale ambapo upepo unaiinamisha, hugonga maji, huruka, huinamishwa tena, na kuendelea hivyo kama jiwe bapa lililorushwa na mtoto.

Kinachofika mbali, hata hivyo, si muziki mzima. Hewa hunyonya sauti nyembamba mapema na kuziacha nzito zipite. Noti nzito ya besi yenye mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 7, linalozunguka nyumba na miti bila shida. Mlio wa matoazi una mawimbi ya sentimita chache tu na hukwama kirahisi. Kwa benga, muziki wa gita wa Wajaluo, hili ni jambo la kusikitisha, kwa sababu uhai wa benga uko kwenye gita la juu, lile linalodonoa haraka haraka kwa namna iliyorithiwa kutoka kwa nyatiti, ala yao ya jadi, na nyuzi zake nane. Ukiwa mbali unapata besi na ngoma peke yake. Ukisogea, gita linajitokeza. Ule usiku tulikuwa na bahati: tulipata besi wazi, na mara moja moja, upepo ukikaza, gita nalo lilikuja likaondoka.

Anayeandaa tamasha la ufuoni angefanya vyema kuyajua haya. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kiwango kinachoruhusiwa usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Fundi wa mitambo akipima saa 10 alasiri na kuridhika, hajapima chochote cha maana kwa saa 5 usiku. Upepo utakuwa umegeuka, na mtaa ambao haukusikia kitu sasa unasikia kila kitu. Mimi ningempa fundi huyo ushauri mmoja: apime tena baada ya jua kutua, akiwa upande ule ambao upepo unaelekea, na azishughulikie besi kwanza.

Tulirudi Dunga alfajiri. Kufikia saa 4 asubuhi nilikuwa ufuoni nikimsaidia mke wa mjomba kuanika omena, na upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kutupiga usoni. Mashua moja iliyochelewa ilikuwa bado mbali majini, imezimwa injini, watu wawili wakitengua wavu. Tulisikia vicheko vyao, na mmoja akimwambia mwenzake avute upande wa kwake. Mke wa mjomba akawaita kwa nguvu zake zote. Hakuna aliyegeuza kichwa.